Sehemu ya Kwanza Aliyoisafisha Harub

Mzee Harub bin Musallam alikuwa na desturi ambayo jirani zake wa mtaa wa Ansab wangeicheka lau wangeijua. Kila alipoazima tamthilia dukani Matrah, aliitazama kwanza peke yake, kalamu mkononi, akiandika dakika zenye mambo ya aibu. Ijumaa bintiye Radhia alipokaa naye kutazama, Harub alishika rimoti na kuziruka dakika hizo. Ndivyo walivyoumaliza mfululizo mzima wa watumwa wa Roma waliopiganishwa kwa panga kiwanjani, bila mmoja kuinamisha uso mbele ya mwenzake. Mama yake Radhia alikwisha kufa. Nyumbani walikuwa wawili tu.

Mwaka 2010 Radhia aliolewa na Mahfoudh, akahamia Sohar, mwendo wa saa mbili kwa gari. Ijumaa zikawa ndefu.

Kisha ikatoka tamthilia mpya, inayosimulia mambo ya kabla ya ile ya kwanza. Harub aliitazama sehemu ya kwanza siku ya Jumatano, akaandika dakika zake, akampigia bintiye simu huku anacheka.

"Mwanangu, yule bingwa uliyemlilia alipouawa mpaka ukasusa chakula, yuhai! Kijana kabisa, hata ndevu hana. Njoo Ijumaa, nnakungoja. Nishaisafisha."

"Baba, sisi tushaitizama. Juzi, na Mahfoudh."

"Yote?"

"Yote."

"Hamkuruka pahala?"

"Baba nawe! Mie nna mume sasa."

Binti alisema kweli. Haya ya baba na binti si haya ya mke na mume. Yeye mwenyewe ndiye aliyemlea hivyo.

"Basi njoo tule tu."

"Ijumaa hii tuko kwa mama mkwe. Labda Ijumaa ya pili yake, inshallah."

Ijumaa, baada ya sala, alijipakulia wali sahani moja, akawasha televisheni. Bingwa akaingia kiwanjani, umma ukamshangilia. Ilipofika dakika ya kumi na nane, ya kwanza aliyoiandika, rimoti hakuigusa. Rimoti ilikuwa ya kumsitiri Radhia, kama ile kalamu ya Jumatano. Wapo wengi ambao heshima yao huondoka pamoja na macho ya watu. Harub hakuwa mmoja wao. Aliinuka, akaenda jikoni, akasimama penye sinki, sebule kaipa mgongo, mpaka aliposikia panga zinagongana tena.