Tundu la Mgongoni

Mimi ni mwosha maiti za wanawake hapa Moa, kazi niliyoachiwa na mama yangu. Shule niliishia darasa la tatu. Ila sharti la kazi hii nalijua: ulichokiona nyuma ya pazia hukitoi nje.

Siku wanajeshi walipoletwa kuzima fujo za vijana barabarani, binti wa jirani yangu alipigwa risasi akitoka kuuza mihogo. Nikamwosha mimi. Mgongoni tundu dogo, kifuani kubwa. Nikaziba kwa pamba, nikamvika sanda. Mama yake akauliza, "Mwanangu yukoje?"

"Amelala vizuri," nikamjibu, kama tunavyojibu siku zote.

Nilikosea. Baadaye wakubwa walitangaza kwamba waliopigwa wote walikuwa wakiwavamia askari kwa mapanga. Mama wa watu akainamisha kichwa. Aliyejua ni mimi, na nilikaa kimya miezi.

Tuliposikia tume inakuja ofisi ya kata kuuliza nani alifyatua na kwa amri ya nani, nikasema nitakwenda. Binti yangu akanisema: "Mama, na umri huo unatafuta nini huko? Wale askari wana bunduki!"

Kwanza nilikwenda kwa jirani. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia yote. Akauweka ungo chini.

"Umeniacha niamini mwanangu alishika panga?"

Nikamwambia nataka kwenda kusema mbele ya tume.

"Basi kaseme. Usiposema, kwangu usikanyage tena."

Mlangoni pa ofisi alisimama askari na bunduki yake. Akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikaingia. Ndani, wakubwa watatu wa tume na karani.

"Bibi, wewe ni daktari?" mmoja wao akauliza.

"Mimi si daktari. Daktari wenu alimtazama?"

Wakatazamana. "Hapana."

"Basi aliyemgeuza ni mimi peke yangu. Risasi iliingilia mgongoni. Anayevamia hakupi mgongo."

Karani akaandika, akanisogezea wino. "Weka dole gumba hapa, bibi."

"Nisomee kwanza."

Akasoma: marehemu alikuwa na jeraha la risasi mwilini.

"Mgongoni iko wapi?"

"Bibi, kwani mgongo si mwili?"

"Na kisigino ni mwili. Andika mgongoni."

Nikarudisha mikono ndani ya kanga. Mkubwa wa katikati akakohoa, akamwashiria. Karani akakata, akaandika. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Ndipo nikaweka dole.

"Na aliyetoa amri mtamwita lini?" nikauliza.

"Mtaarifiwa."

Nikaenda moja kwa moja kwa jirani, wino ungali kidoleni. Nikamwonyesha.

"Wameandika mgongoni?"

"Wameandika. Nimesomewa mara mbili."

Akasogea, akanipa nafasi mkekani. Nje pikipiki ikapunguza mwendo karibu na ua. Akanishika mkono mpaka ikapita.

"Ikija nyingine," akasema, "itatukuta hapa hapa."