Sahani Aliyoikataa Msibani

Siku hizi bondia akipigana mara mbili kwa mwaka, watu husema amefanya kazi. Tulipooana, miaka ya themanini, mume wangu alikuwa anapigana ndondi za kulipwa karibu kila Jumamosi. Leo ukumbini Kisumu, wiki ijayo Nakuru, ile nyingine anakwenda mpakani Busia kupigana na mtu ambaye hajawahi kumwona. Akirudi kwetu Kondele, mtaani Kisumu, nilimkanda uso kwa maji ya moto na chumvi, na kabla jicho halijafunguka vizuri promota alikuwa amebisha mlango. Miaka hiyo yote sikuwahi kuuona uso wake ukiwa mzima. Nilichoka, lakini nilizoea.

Chakula hakikutusumbua. Alikula kila kitu. Mwili unaopigwa kila wiki haupati nafasi ya kunenepa, na akishindwa leo kulikuwa na pambano lingine mbele, kwa hiyo hakuna lililokuwa kubwa sana kwetu.

Kisha mapambano yakapungua. Sijui vizuri kwa nini. Mapromota wengine waliacha, wengine wakahamia Nairobi, na ule ukumbi ukawa wa harusi na maombi. Miaka ya tisini aliweza kukaa mwaka mzima akingoja pambano moja. Uso wake ulipona, nikaona kwamba ana mikunjo midogo kando ya macho, kama ya mtu mcheshi. Lakini hakuwa anacheka. Umri ulikuwa umesonga na mwili ulikuwa unanenepa haraka. Asubuhi alikimbia hadi ziwani akiwa amevaa mifuko ya plastiki ndani ya sweta ili jasho limpunguze, akirudi anataka chai ya rangi bila sukari, basi.

Mama yake alifariki mume wangu akiwa katika kungoja huko. Tulikwenda nyumbani kwao, upande wa Luanda Kotieno. Baba yake alikuwa na wake wawili, na mume wangu alilelewa na wote wawili. Mama yake alipokuwa sokoni na samaki, yule mke mdogo, ambaye sote tulimwita mama mdogo, ndiye aliyempa uji. Sasa yeye ndiye aliyesimamia jiko la msiba. Alimletea sahani kwa mkono wake mwenyewe: ugali na kipande cha samaki mbuta, mafuta yanaelea juu ya mchuzi.

"Mama, sitakula," mume wangu alisema.

Kwetu, mtoto wa marehemu akikataa chakula cha mke mwenza wa mama yake, hakuna anayeelewa kwamba hana njaa. Watu wanaelewa amesema: wewe ndiye uliyemuua. Wanawake waliokuwa wakipika waligeuka kututazama.

"Chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, Mama. Ni kilo. Wiki ijayo napimwa uzito wa pambano."

"Kilo." Aliiweka sahani chini. "Mama yako hata hajazikwa, wewe unaniambia kilo."

Ndugu wa baba yake, mzee wa mizaha, alijaribu kumwokoa mume wangu. "Wewe bwana, zamani ulikuwa unapigwa Jumamosi, Jumapili uko hapa unakwangua sufuria. Hizo kilo zilianza lini?"

"Zamani nilipigana kila wiki, Baba. Nikikosa pambano hili, lingine ni lini?"

Watu walicheka kidogo. Yule mama hakucheka. Nilimnong'oneza mume wangu ale hata tonge moja la kuonja tu. "Nikianza sitaacha," akaniambia, nami nilijua ni kweli. Nilikuwa nalala kando ya tumbo lile likinguruma. Tulizika, tukaondoka, na mama mdogo hakutoka kutuaga.

Siku ya kupimwa alikwenda mapema. Uzito wake ulikubaliwa. Mpinzani hakufika, na promota akasema pambano limesogezwa mbele, mpaka lini yeye mwenyewe hajui. Nilitegemea mume wangu atarudi na hasira. Alisimama tu mlangoni akaniambia, "Chukua leso yako, twende nyumbani."

Tulimkuta mama mdogo anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye wavu. Hakuinua kichwa.

"Kilo zako ziko wapi?"

"Nimeziacha Kisumu, Mama. Nimekuja kula."

Alimaliza kwanza kueneza omena wake. Kisha akasema hakuna samaki mkubwa, kuna ugali wa asubuhi tu na omena wa jana. Mume wangu aliketi chini nje ya mlango wake, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Alikula haraka, halafu polepole, halafu akaanza kulia na tonge mdomoni, kilio ambacho hakukitoa kaburini. Yule mama alimtazama. Mwishowe akaketi kando yake, akamega ugali kutoka sahani hiyo hiyo, akala naye.

Pambano lile halikuja tena. Naye alipoacha kukimbia asubuhi sikumwuliza.

Mwaka huu tumemzika pale pale nyumbani. Ulikuwa ugonjwa, si ngumi. Mama mdogo sasa anatembea kwa fimbo, lakini hakumtuma mtu. Aliniletea sahani mwenyewe, akasimama akingoja. Sikuwa na hamu hata ya maji.

Nilikula nikamaliza.