Mjukuu wangu alishtakiwa kwa spidi na pikipiki isiyo na bima, bibi yake akaitwa kumsemea

Asalaam aleikum wakuu, na wale ambao salamu yenu si hiyo, habari zenu.

Mimi humu ni msomaji tu, leo ndiyo mara ya kwanza kuanzisha uzi. Darasa niliishia la tatu na naandika kwa kidole kimoja, basi mkiona herufi imepotea ndia, yaani njia, kama nchi tunavyoiita nti, irudisheni wenyewe. Haya yamenipata mimi, sikuhadithiwa na mtu.

Lakini kwanza niwape hii, ndiyo nitafika.

Nikiwa mdogo kwetu Kipungani, kisiwa chetu kizima cha Lamu kilikuwa na gari moja, la serikali. Mama alikuwa akisuka mikeka na mjomba akiipeleka mjini kuuza. Siku moja nikamlilia mjomba anichukue nikalione hilo gari. Tukatembea ufuoni, mikeka kichwani, jua likatuchoma mpaka basi.

Tulipofika nikaliona.

Limeharibika, linavutwa na punda wawili. Dereva yuko ndani ameshika usukani, na kofia yake kichwani kama mtu anayekwenda safari. Watu wa mtaa wa Mkomani wamejipanga ukutani wanatazama. Mzee mmoja akamwambia, "Bwana, punguza mwendo, utatuulia watoto."

Mjomba alicheka mpaka akaketi chini. Mikeka siku ile sikumbuki kama iliuzwa.

Basi mimi nimekua nikijua gari ni mzigo wa punda. Mambo ya spidi, laisensi, bima, hayo niliyaona ya watu wa bara, ng'ambo ya maji. Huku kwetu vichochoro vyenyewe punda wawili wakikutana mmoja hurudi kinyumenyume. Nani akushtaki kwa mwendo?

Ndiyo sababu askari aliponipigia simu kuniambia mjukuu wangu amekamatwa na pikipiki haina bima, nilimuuliza hiyo bima ni kipuri gani, nitafute mtu wa kwenda dukani. Akasema, "Mzee, wewe njoo tu."

Sasa huyo mjukuu.

Anaitwa Feisali. Ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu aliolewa Nakuru na mtu wa huko, ndoa ikavunjika, yeye akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mtoto akabaki kwa watu wa baba yake. Walipochoka naye wakamleta kwetu, ana miaka kumi na sita, na begi moja, na nywele zimesimama kama za mtu aliyepigwa na stima.

Wakuu, sisi nyumba yetu ilikuwa kimya. Mimi na mke wangu Bi Zainabu, na paka. Yule mtoto alipoingia nyumba ikapata sauti. Alikuwa haelewi Kiamu chetu, bibi yake akimwambia kitu ananitazama mimi, na mimi namfasiria, na mara nyingine nafasiri kwa makusudi vibaya ili tucheke. Usiku mmoja bibi alimwambia akafunge mlango, mimi nikamwambia amesema ukacheze ngoma. Akacheza.

Niruhusuni nisimame hapa kidogo.

Haya.

Alipomaliza shule alipata kazi Kililana, kule bara karibu na bandari mpya, kwa mkulima mmoja mtu wa Murang'a, tunamwita Baba Wambui. Kazi yenyewe kubeba tikiti maji na maziwa kwa pikipiki ya yule mkulima mpaka gati ya Mokowe, zinakotoka boti za kuja kisiwani. Akapata laisensi yake kihalali, akanionesha, picha yake humo amekunja uso kama hakimu. Wiki nzima alilala huko shambani. Kila Alhamisi jioni alikuja kwetu, na bibi yake akimchomea mkate wa mofa ale na samaki wa nazi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo lazima mlijue, bila hilo hamtanielewa.

Kwetu sisi, mtu hamsifu mtoto wake mbele za watu. Mato ya watu, yaani macho, yana kijicho. Mtoto akisifiwa sana usiku hulala na homa. Kwa hivyo mgeni akisema mtoto wako mzuri, wewe unasema, "Mzuri wapi, kinyago hiki." Mgeni anajua, anajibu, "Mungu akuhifadhie." Kadiri unavyompenda ndivyo unavyomtukana. Mimi mama yangu aliniita Gogo mpaka nilipooa.

Bi Zainabu kwa jambo hili hana mfano. Ndani ya nyumba alimwita Feisali nuru yake, na sifa kamili alimpa akishalala, anamfunika shuka anasema polepole peke yake. Nje mlangoni jirani akimuuliza habari za mjukuu, "Sijui nimeletewa adhabu gani mimi." Na jirani anaitikia Mungu akuhifadhie.

Feisali mambo haya ya mlangoni hakuyaona. Wiki nzima yuko Kililana, akija kwetu ni ndani, anakula, analala.

Alhamisi moja tikiti zikachelewa kupakiwa, naye anataka kuwahi boti ya mwisho. Barabara mpya ya lami, nyoofu, tupu. Akaifungua pikipiki. Mbele akakuta askari na ile kamera ya kupima mwendo. Kuangalia stika ya bima, imekwisha muda, Baba Wambui alikuwa amesahau kulipia.

Spidi ile ilikuwa ya kuja nyumbani, wakuu. Hakuwa anamkimbia mtu.

Siku ya mahakama tulikwenda mjini wote. Feisali amevaa shati langu la Idi, limembana mabegani. Baba Wambui amekuja na uso wa aibu, ananiambia, "Mzee, hii ni makosa yangu, si ya kijana." Nikamwambia mwambie hakimu. Akasema yeye ana kesi yake peke yake ya mwenye pikipiki, na kosa la aliyeendesha linabaki la aliyeendesha. Mimi hapo sikuelewa, lakini nikaitikia kichwa.

Hakimu alikuwa mwanamke wa bara, mtaratibu, sauti ndogo. Feisali akasomewa makosa yake mawili, akakubali yote. Hakujitetea. Kuhusu boti hakusema, kuhusu Alhamisi hakusema.

Hakimu akamtazama sana. Akasema kijana ni wa miaka kumi na minane, kosa la kwanza, hataki kumharibia maisha. Akauliza, "Unaishi na nani?"

"Na babu na nyanya."

"Wako hapa?"

Tukasimama. Akasema iwapo wazee watamsimamia, yeye atamwachilia kwa kifungo cha nje, chini ya macho yetu. Mimi moyo ukapanda. Nikaona ameletwa nyumbani na serikali yenyewe.

Hakimu akamgeukia mke wangu. "Nyanya, niambie. Huyu kijana wako ni mtu wa namna gani?"

Mahakama imejaa. Watu wa Mkomani, watu wa Pate wenye kesi zao za mashamba, askari, mawakili. Mato yote juu ya mjukuu wake.

Bi Zainabu akavuta buibui, akasema, "Huyu? Huyu hana kitu, mheshimiwa. Mvivu. Hasikii. Ukimtuma kulia yuwenda kushoto. Hata sijui nani atamtaka huyu."

Nyuma huko wanawake wa mji wakacheka kwa upendo, na nikasikia mmoja akisema, "Mungu akuhifadhie, Bi Zainabu."

Hakimu hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo hamuwezi kumsimamia."

Nikafungua mdomo nieleze. Askari akaniambia, "Mzee, ngoja uulizwe." Nikangoja. Sikuulizwa.

Hakimu akasema basi hana njia ila faini, na akikosa kulipa, jela. Faini akailipa Baba Wambui palepale, Mungu amzidishie, sitaki kuingia huko. Kijana akawa huru. Kwa sheria hakuna kilichoharibika. Alitoka kwa mlango uleule tuliotokea sisi.

Lakini mimi nilikuwa nikimtazama Feisali, si hakimu. Maneno ya bibi yake yalipotoka, yule mtoto aligeuka akamwangalia kama mtu aliyeitwa jina ambalo si lake.

Nje uani watu wamesimama makundi makundi. Feisali akamkaribia bibi yake. Kwa sauti ya chini kabisa akamuuliza, "Nyanya, hivyo ndivyo unanionaga?"

Na watu wote masikio yamesimama. Na mke wangu amejaa furaha kwamba mtoto hakufungwa. Na furaha kwetu ndiyo hasa ya kufichwa.

Akamwambia, "Na hapo usingizi wako sijausema."

Wale wanawake wakacheka tena.

Nikamshika mkono nikamvuta pembeni. Nikamwambia, "Mwanangu, bibi yako anakukinga. Hayo ni maneno ya mato ya watu. Yeye anakupenda kuliko mimi."

Akanitazama vizuri. Hakukasirika, hilo ndilo linaloniuma, angekasirika ningepata pa kumshika. Akasema, "Poa, babu. Nimeelewa."

Nikaamini ameelewa.

Sasa wakuu, kabla sijamaliza. Feisali tangu siku ile hatujamwona. Wapo watakaosema niliache, kijana ni kijana, atarudi akiwa na njaa. Mama yake huko Uarabuni ananiambia humtumia ujumbe kuwa ni mzima na anafanya kazi, ila mahali hamtajii. Kililana hakurudi hata kuchukua nguo zake. Nambari yake naipiga, yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu kila mara kwa adabu ileile.

Siku hizi pikipiki zimefika mpaka huku kwetu. Ikilia mbali naacha kula nasikiliza. Bi Zainabu hunitazama, anangoja niseme kitu, nami narudi kwenye sahani.

Yeye simlaumu, na nyinyi msimlaumu. Kama ningeulizwa mimi kwanza, ningesema yaleyale, pengine mabaya zaidi. Kila mwanamke wa mji aliyekuwa mle ndani aliyasikia kama sifa. Waliosikia tusi walikuwa wawili tu, hakimu na mtoto wetu.

Funzo nililopata ni dogo. Umpendaye mwambie kwa kinywa chako, yeye akiwa macho. Kijicho kikija, kije, mtaungua homa pamoja.

Nanyi mliolelewa bara, nataka mniambie kwa haki: neno la namna ile likishaingia, mtu hulitoaje? Mliowahi kuondoka kwenu kwa neno moja, mlisubiri kusikia nini ndipo mrudi? Andikeni hapo chini. Nasoma polepole lakini nasoma yote.

Na mwisho wake ulikuwa hivi.

Tulisimama kivulini tukingoja jua lipungue tuanze safari ya Kipungani. Feisali akasema anakwenda kununua maji ya kunywa. Nikamwambia alete na ya bibi yake. Akaitikia.

Akashuka kuelekea barabara ya pwani, shati langu limembana mabegani. Mbele yake ukaja mkokoteni wa saruji, akasimama ukutani ukapita, akampa yule msukumaji salamu ya mkono. Kisha akaendelea.

Wanawake walikuwa wameshaondoka. Hakuna aliyebaki karibu yetu. Bi Zainabu akatazama kushoto na kulia, akaona tuko peke yetu, akanisogelea.

"Mtizame," akasema, "mashallah, alivyo mrefu. Hakuna kijana kama yule nti hii."

Alikuwa keshafika mbali, hawezi kusikia. Akapita duka la maji, hakusimama, akakata kona.