Kicheko Kilichochelewa

Ukitaka kuwagombanisha wazee wa Burnley, mji wetu wa viwanda hapa Uingereza, usihangaike na siasa wala mpira. Uliza tu kama televisheni ya zamani ilikuwa bora kuliko ya sasa, kisha kaa pembeni unywe chai yako. Kila Alhamisi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa letu, vita hiyo ilianza upya kana kwamba wiki iliyopita hatukuipigana.

"Vipindi vya siku hizi ni upuuzi mtupu," Norman Haworth alikuwa akisema. "Wanaimba, wanalia. Wananunua nyumba, wanalia. Wanapanda maua, wanalia! Wamefiwa na nani?"

"Na vya zamani je?" namjibu mimi, Doreen, maana Norman ukimwacha hivi hivi kichwa kinamvimba. "Dume zima na ndevu zake linavaa gauni, eti tucheke!"

"Wewe Doreen hukuzaliwa, uliokotwa kwenye siki."

"Na wewe ulikuwemo humo humo, ndiyo maana hukuoza."

Basi ndivyo tulivyokuwa. Lakini Winnie Entwistle hakugombana. Yeye alikuwa na hukumu yake moja, ameshaitoa, na rufaa hakuna. "Bucha la Pickersgill ni kipindi cha kijinga kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa nchi hii," alisema, halafu anavuta kiti mpaka mstari wa mbele, anatulia kukitazama. Kilikuwa kichekesho cha zamani sana, kikirudiwa na kituo kimoja kidogo ambacho mtu hakipati bila dishi. Dishi lilikuwa ukumbini.

"Sasa kama cha kijinga, unakifuatia nini?" Norman alimchokoza siku moja.

"Kiti hiki kina mto," alijibu Winnie, wala hakugeuka.

Huyo ndiye Winnie. Alifuma nguo kiwandani tangu akiwa msichana mpaka kiwanda kikafungwa, kisha akauza pai za nyama sokoni, na huko kote sikumbuki kumsikia akicheka kwa sauti. Mumewe, Clifford, ndiye aliyecheka kwa niaba ya wawili. Watoto Mungu hakuwajalia. Clifford alipokufa Winnie alirudi sokoni baada ya maziko, akauza pai zake, na watu wakasema mwanamke yule ana roho ya chuma. Watu nao! Hawakosi la kusema.

Siku moja tunaosha vikombe jikoni, kipindi kimekwisha, nikaona macho yake mekundu.

"Winnie, mwenzangu, una nini?"

Akafunga mlango kwanza. "Usimwambie mtu. Watasema nimerukwa na akili." Ndipo akanieleza. Mwaka ule walipooana, kiwanda kiliwapeleka kwa basi hadi Manchester kuangalia kipindi kikirekodiwa. Vicheko mnavyovisikia mle si vya mashine, ni vya watu waliokuwa wameketi pale. Na Clifford alikuwemo.

"Kuna mahali mama mmoja anaingia buchani kuuliza soseji," alisema. "Watu wote wanacheka, wanamaliza, kimya. Halafu anasikika mtu mmoja peke yake, anacheka kama pampu iliyoingia hewa. Yule ni mume wangu, Doreen."

"Kwa nini alichelewa?"

"Mashine za kiwandani zilikuwa zimeshamla masikio. Hakusikia neno." Akakausha kikombe kilichokwisha kukauka. "Ilinibidi nimwambie mimi."

Sisi tuliofanya kazi viwandani tunajua alimwambia vipi. Ndani ya makelele yale hakuna sauti iliyofua dafu. Tulisema kwa midomo tu, neno zima linatoka usoni bila pumzi, na mwenzio anakusoma hata akiwa upande wa pili wa mashine. Winnie alikuwa ameugeukia uso wa mumewe, akamtamkia kichekesho kwa midomo, ndipo Clifford akacheka. Kanda ya kipindi hicho aliyokuwa ameirekodi nyumbani ilitafunwa na mashine ya video. Hakubakiwa na picha yenye sauti ya Clifford wala kitu kingine. Ni kile kicheko tu, kila kipindi kile kinaporudiwa.

Nikanyamaza na siri yake. Baadaye nikaenda Blackpool kumuuguza binti yangu, nikakaa karibu mwezi. Niliporudi ukumbini Norman alinipokea mlangoni, amechana nywele, amevaa tai. Tai, Alhamisi! Naye alikuwa amefiwa na mkewe, na kila mtu alijua anamtazama Winnie kwa jicho gani isipokuwa Winnie mwenyewe.

"Leo utaona," aliniambia. "Nimemwandalia zawadi."

Winnie alikuwa kitini kwake, mstari wa mbele. Norman akamletea chai na biskuti mbili za chokoleti, akakaa kiti cha pili. Mimi nikakaa nyuma yao. Muziki ukapigwa, Pickersgill akatokea na aproni yake, akasema neno lake la kwanza la kijinga. Kimya. Akasema la pili. Kimya vilevile. Waigizaji walikuwa wanasimama kungojana bila sababu.

Nikamvuta Norman bega. "Vicheko viko wapi?"

"Vimeondolewa!" alininong'oneza, uso unang'aa. "Kituo kiliomba maoni, watazamaji wapige simu kama wanavitaka au hawavitaki. Nimewapigisha simu watu wote wa hapa, na wa kule baa, na wa kilabu cha wafuga njiwa. Tumeshinda!"

"Norman, umefanya nini? Kwa nini?"

"Kila zikianza zile kelele alikuwa analia. Mnadhani sioni? Nilimwona, Doreen. Sikutaka alie tena."

Jamani. Ningempiga kofi, na ningemkumbatia, na nisingejua nianze na lipi. Nikamshika Winnie mkono. "Twende nyumbani, mpenzi. Twende tu, nitakupikia chai."

"Bado," alisema. "Bado hajafika."

Mlango wa bucha ukagonga kengele. Yule mama akaingia na kikapu.

"Soseji hizi ni za leo?" aliuliza.

"Za leo? Mama, asubuhi zilinisalimia!" alijibu Pickersgill, akatumbua macho kungojea watu ambao hawakuwepo tena.

Winnie akageuza uso kwenye kiti cha pili, alipokuwa Norman, ingawa aliyemwona pale hakuwa Norman. Midomo yake ikaanza kwenda, taratibu, wazi, bila sauti hata chembe. Nilimwona kwa upande, nikamsoma. *Asubuhi zilinisalimia.* Alitamka neno kwa neno, kama unavyomtamkia mtu unayempenda na asiyesikia.

"Winnie?" Norman aliita. "Winnie, nimekosea wapi?"

Winnie akainua kidole kumnyamazisha, akaugeukia tena ule ukimya.

"Ngojeni," alisema. "Yeye huwa anachelewa."

Tukangoja, ukumbi mzima. Kwenye televisheni yule mama alilipa soseji zake, akaondoka.