Pua ya Restuta

Huko Mbozi alikozaliwa, Restuta alisifika kwa pua. Kahawa iliyoloweshwa ikianza kuchacha kupita kiasi, yeye ndiye aliyenusa wa kwanza, na watu walimsikiliza. Alipohamia Tunduma kuwapikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka, aliendelea kuiamini pua kuliko macho.

Asubuhi hiyo alibadilisha mtungi wa gesi. Harufu ikamvaa. Akakaza mpira, akaketi kumenya ndizi. Harufu ikapungua, ikapungua, ikaisha. Akachukua kibiriti.

"Dada, usiwashe," alisema Gwantwa, jirani muuza mitumba, akiwa mlangoni. "Humu gesi inanuka."

"Ilinuka. Imeisha."

"Imeisha kwako. Mimi macho yananiwasha."

"Pua yenyewe imezoea soksi za watu, leo unanifundisha kunusa."

Lakini Restuta aliweka kibiriti chini. Katika chumba cha nyuma alikuwa amelala mama yake, Ferista, ambaye miguu haimbebi tena. Alifunga mtungi, akatoka nje mara moja kuvuta hewa.

Sasa sikieni, ndugu zangu. Ndani ya pua mna seli, ndogo mno hata jicho halizioni. Harufu mpya ikiingia, seli hizo hupiga kelele. Ikikaa palepale, zinaizoea, zinanyamaza, maana kazi yao ni kutangaza kilichobadilika. Ukizipa hewa safi, huamka.

Ndivyo ilivyokuwa. Aliporudi ndani, gesi ilimpiga usoni kana kwamba imeingia wakati huohuo. Alipita haraka, akinusa hapa, akilinganisha na pale. Jikoni harufu ilikuwa nyepesi kidogo. Kwenye pazia la chumba cha nyuma ikazidi. Alipoinama kwenye godoro lililokuwa sakafuni, ikamkaba. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ilikuwa imetambaa chini taratibu, ikatuama alipolala mama.

"Gwantwa, shika miguu."

Walimtoa hadi kando ya barabara. Ferista alikohoa, macho hayafunguki vizuri. Restuta alimpepea kwa kanga, akamwita, akamwita tena, mpaka kope zikatikisika.

"Mama, mbona hukuniita?"

"Ilinuka sana," alisema mama kwa sauti ndogo. "Kisha ikaisha. Nikajua mwanangu umeshatengeneza."

Restuta aliendelea kupepea.