Paa Alisimama, Kadi Ikajaa

Leo nimelala kifudifudi katikati ya majani chai kwa saa tatu, nikimngoja paa.

Yuko mmoja hapa Nyacheki. Kila asubuhi anakula maharagwe ya baba mkubwa. Nikasema nitampiga picha. Baba mkubwa, ambaye zamani aliwinda na mbwa kabla ya uwindaji kupigwa marufuku, akaja kunisaidia.

"Sisi tulihitaji kuona mgongo tu," akaninong'oneza. "Wewe unataka nini?"

Nikamwambia nataka uso, macho wazi, mwanga mzuri, na paa mwenyewe atulie.

Akafikiria. "Mwanangu, afadhali kuwinda."

Saa mbili asubuhi paa akatokea.

Hatua kumi hivi kutoka tulipolala. Akasimama, akatutazama. Nikabonyeza.

Kamera ikasema kadi imejaa.

Imejaa picha za harusi ya dada yangu. Basi nikaanza kuzifuta, moja moja, paa akiwa amesimama palepale kama mtu anayengoja kuhudumiwa. Nilipomaliza kufuta wageni wa meza ya tatu, akaondoka. Hata hakukimbia.

Nikamgeukia baba mkubwa nimwombe msamaha. Alikuwa bado anatazama pale paa aliposimama.

"Kumbe ana kope ndefu hivyo," akasema. "Miaka yote nilimwona akikimbia, au akiwa amekufa."



Wenzangu wa huku, mmewahi kumwona paa akiwa ametulia tu? Niambieni.

Kesho tunarudi. Baba mkubwa amesema kamera si lazima.