Mwanvua na Matanga ya Mtumbwi

Mwanvua alikuwa mkausha samaki wa mtaa wa Mikelenge, na katika mambo ya dunia hii alijulikana kwa mawili tu: samaki wake hawakuwahi kuoza, na hapakuwa na mtu Kindu nzima aliyeweza kulia kama yeye. Akilitaka chozi, lilitoka, asipolitaka, lilikauka. Tena katikati ya kilio alijua kupenyeza neno la mzaha litakalowavunja mbavu hata wale waliokuja kumchokoza. Walimu wetu walitufundisha kwamba chozi ni amana, na kwamba amana haichezewi. Mwanvua alikuwa akiyasikia hayo msikitini, nyuma ya pazia la wanawake, akiitikia kwa adabu, kisha akirudi nyumbani kuyafanya yake. Wala hakuwa peke yake. Mji mzima ulikuwa ukimngoja.

Kila mwezi wa Mfunguo Mosi, siku ya pili ya Idi, baada ya sala ya adhuhuri, Kindu ilishindanisha mitumbwi miwili katika mto Lualaba. Mmoja uliitwa Radi, wa mtaa wa Bandarini. Wapiga kasia wake kumi na wawili walikuwa watumwa wa tajiri mmoja ambaye simtaji, na mwezi mmoja kabla ya siku hiyo walikuwa wakilishwa nyama. Wa pili uliitwa Subira, wa Mikelenge, na huo haukuwa na tajiri. Waliouvuta walikuwa wakulima wa mpunga, wavuvi, na fundi cherehani mmoja mwenye mgongo mbovu aliyeitwa Kalume. Hata mtumbwi wenyewe ulikuwa wa kuazima. Kwa miaka saba mfululizo Subira ilishindwa, na watu wa Bandarini walikuwa na msemo wao: subira huvuta heri, lakini heri ya Mikelenge imekwama mchangani.

Baada ya mashindano palikuwa na mila iliyopendwa kuliko mashindano yenyewe, nayo iliitwa matanga ya mtumbwi. Walioshindwa walitandika mikeka uani kwao, wakajifunika vichwa, wakakaa kuupa mto mgongo, kwa kuwa mto ndio uliomuua mtumbwi wao na mfiwa hamtazami muuaji usoni. Walioshinda walivisha kasia sanda nyeupe, wakalichukua mabegani na kwenda kuwahani. Sharti zilikuwa mbili. Ya kwanza, hasemi mtu neno ila kwa kulia. Atakayesema kwa sauti kavu ameuvunja mchezo, na pilau haili. Ya pili, awe mfiwa au mwenye kuhani, asigeuke mtu wala kuinua macho kuutazama mto. Basi kila mwaka wajanja walikuwa wakipiga ukelele katikati ya kilio, "Tazameni mtoni, marehemu anafufuka," ili wajinga wageuke, na aliyegeuka alichekwa hadi Idi nyingine.

Hapo mkekani ndipo Mwanvua alipokuwa malkia. Nakumbuka mwaka mmoja nahodha wa Radi, mtumwa mrefu aliyeitwa Asumani, alipiga magoti mbele yake akilia kwa kwikwi.

"Poleni, mama. Marehemu alikuwa na heshima. Hakutaka kuwatangulia wakubwa."

"Njo vile, ndivyo hivyo, baba yangu," Mwanvua akajibu, machozi yakimdondoka kidevuni. "Nyinyi mulikimbia sababu bwana wenu alisimama ukingoni na fimbo. Sisi tulienda polepole. Nani iko wa kutufukuza?"

Uani pakawa hapakaliki kwa vicheko. Asumani mwenyewe alicheka kuliko wote, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, na sidhani kwamba yote aliyoyafuta yalikuwa ya kucheka. Kwa watu wa namna yake mkeka ule ulikuwa mahali pa pekee katika mwaka mzima ambapo waliweza kumtania muungwana, naye akawatania, kisha wakala sahani moja. Hivyo ikasemwa Kindu kwamba Radi hushinda majini na Subira hushinda mkekani. Lakini Mwanvua alitamani jambo jingine. Alitaka, japo mara moja kabla hajafa, kuingia Bandarini nyuma ya kasia lenye sanda, awe mwenye kuhani, si mwenye kuhaniwa.

Akapewa alichokitamani. Mwaka wa 1306 wa Hijra maji ya Lualaba yalikuwa yamepungua mapema. Aliyeshika kasia la nyuma la Subira alikuwa Bulaimu, ndugu yake Mwanvua kwa baba na mama, mdogo wake wa pekee, mvuvi aliyeujua mchanga wa mto kama mtu ajuavyo chumba chake gizani. Radi, kwa uzito wake wote na nyama yake yote, ikapanda mchangani na kukwama. Subira ikapita kando, taratibu kama ada yake, ikafika ya kwanza.

Mikelenge wakasahau hata kushangilia. Mwanvua ndiye aliyezinduka kabla ya wote. Alikuwa na shuka nyeupe aliyoikunja na kuiweka kwa miaka saba, akaenda kuitoa. Alipokuwa akilivisha kasia, Bulaimu akamjia, nguo zingali mbichi, na mkewe Hawa yuko nyuma yake.

"Yaya," akamwita, kama waitavyo watu wa huku dada mkubwa, "niachie watu wane. Mutumbwi si wetu. Mwenyewe anautaka juu kule, mbele ya sala ya Magharibi."

"Niende Bandarini na nusu ya watu? Watasema Subira imeshinda lakini haina wenyewe."

"Basi wawili."

"Mukamate Kalume. Mugongo wake mubaya, hata kulia hawezi."

Mtumbwi ule ulikuwa wa watu kumi na wawili, na kutoka pale mpaka kwa mwenyewe ilikuwa ni kupanda mto, kupita kwenye mawe.  Bulaimu akacheka, kwa kuwa siku ile hakuna aliyeweza kumnyima Mwanvua kitu.

"Haya, yaya. Ulie vizuri."

Wakashuka Bandarini mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, na kasia likaelea juu ya mabega. Watu wa Radi walikuwa wamekwisha kujifunika na kuupa mto mgongo, wapiga kasia wote kumi na wawili mstari wa mbele, mitumbwi yao imefungwa hatua thelathini nyuma yao. Mwanvua akaingia. Alilia kilio ambacho sijapata kukisikia tena, cha kupanda na kushuka. Akamhani Asumani kwa nyama aliyokula bure. Akauhani mchanga kwa kubebeshwa mzigo mzito. Watu walishika mbavu. Nami nilikuwa pale, na nilicheka.

Ndipo Hawa, aliyewafuata kwa miguu ukingoni, alipoingia mbio kutoka upande wa juu wa mto, kanga imemwanguka mabegani, analia.

"Bulaimu anaenda na maji. Mutumbwi umepinduka kwenye mawe. Ameushika, anapita hapa, tazameni mtoni."

Hakugeuka mtu. Ni nani angegeuka? Mtego ulikuwa uleule wa kila mwaka, tena umeletwa na mke wa mshindi, kwa kilio kizuri kabisa. Walichofanya watu wa Radi ni kuinamisha vichwa zaidi, mabega yakitikisika kwa kicheko. Hawa akamshika Asumani mkono akamvuta. Asumani akajifanya mzito kama maiti.

"Tazameni mtoni, baba zangu. Kalume amefika ukingoni, yeye hakufika. Iko hai. Tazameni."

Kisha akamgeukia wifi yake, na macho ya watu wote yakamgeukia Mwanvua, kwa kuwa mtu akitupiwa neno kama hilo mkekani ni wajibu wake kulijibu. Na wifi kwa wifi, kama tujuavyo, hawaachiani. Mwanvua akapanua mikono, akalia:

"Mwacheni aende, wifi yangu. Miaka saba alifika wa mwisho. Leo hata ahera anataka kufika wa kwanza."

Sijui kama Kindu imepata kucheka hivyo, kabla au baada. Watu walilala kwenye mikeka. Asumani alipiga makofi juu ya ardhi.

Hawa akanyamaza. Akaokota kanga yake, akajifuta uso, akasimama wima. Kisha akasema, kwa sauti kavu, kama mtu atajaye bei ya chumvi:

"Bulaimu iko ndani ya maji."

Kicheko kilikatika kama kamba. Sote tulikuwa tukijua sharti ile. Mwenye kusema kwa sauti kavu amekwisha kuuvunja mchezo. Kumi na wawili wa Radi wakasimama pamoja, wakageuka. Mtumbwi wa Subira, tumbo juu, ulikuwa umeshapita bandari, mdogo kwa mbali kama ganda la ndizi, na juu yake hapakuwa na mtu. Wazee waliokaa mlangoni walisema baadaye kwamba tangu Hawa aingie mpaka aseme lile neno kavu, mtu angeweza kusali rakaa mbili bila haraka. Kwa muda wote huo Bulaimu alikuwa akipita mbele ya wapiga kasia hodari kuliko wote wa Lualaba, nao wamempa mgongo.

Asumani na wenzake walivuta makasia kuelekea Lokandu, chini ya mto, mpaka jua likazama. Wavuvi walimwona siku ya tatu, kwenye matete.

Matanga yake yalifanyika Mikelenge, juu ya mikeka ileile. Watu wa Radi walikuja wote, wakakaa, na hakuna aliyejua la kufanya na uso wake. Kila aliyetaka kulia alikijua kilio chake tangu mkekani, akakisikia kama mzaha, akanyamaza. Maalimu akasema kimya ni bora, ndiyo mwenendo wa wema waliotutangulia, na hakika ni hivyo. Lakini kimya kile hakikuwa cha ucha Mungu. Mwanvua alikaa siku tatu, macho yake makavu. Wako waliosema ana moyo wa jiwe. Ile shuka nyeupe ya miaka saba ndiyo aliyozikwa nayo ndugu yake, kwa kuwa nyingine haikupatikana upesi.

Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika. Radi ilishinda. Walikwenda Mikelenge kuhani, na mwanamke mwingine, jina lake Riziki, akakaa mahali pa Mwanvua na kuwachekesha vizuri. Mwanvua alikuwa nyuma ya nyumba yake, akigeuza samaki juu ya uchaga. Kila Ijumaa alimchagulia Hawa samaki aliye bora, akapeleka mwenyewe mpaka kizingitini. Hawa alipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante. Zaidi ya hilo hawakusema, miaka mitatu.

Mwaka wa nne Hawa aliposwa na mvuvi wa Lokandu. Siku ya kuondoka kwake Mwanvua alishuka bandarini na mzigo wa samaki wa safari. Mizigo ilikuwa imekwisha kupakiwa. Hawa akaupokea, akauweka miguuni, kisha akauliza:

"Wifi, siku ile ulisema nini? Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nalia, sikusikia."

Mwanvua hakujificha nyuma ya usahaulifu. Akalisema neno lile lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti kavu, akimtazama usoni.

Hawa akalifikiri kidogo.

"Njo nzuri," akasema. "Bulaimu angecheka."

Akaingia mtumbwini, akakaa akitazama mbele, na wapiga kasia wakasukuma.